Kwenda na mtoto wa miaka miwili kwenye mabwawa ya michezo Kunduchi

Mwongozo huu ni wa mtoto wa kati ya mwaka mmoja na nusu na mitatu. Umeandikwa kwa ajili ya Kunduchi Wet 'n' Wild, Dar es Salaam, ila mengi yatafaa hata ukivuka kwenda Fun City ya Kigamboni. Jambo la kukubali kabla hujatoka nyumbani ni hili: mtoto wa umri huu hana haja na mitelezo mirefu. Atakaa kwenye maji ya kifundo cha mguu, achote, amwage, achote tena, saa nzima. Siku ipangwe kuzunguka hilo bwawa dogo na usingizi wake.

Hatua ya 1: Chagua siku

Katikati ya wiki, shule zikiwa hazijafungwa. Idi, Krismasi na Sabasaba zisahau. Piga simu asubuhi uulize kama kuna shule inayokuja, maana mabasi mawili ya wanafunzi yanatosha kuligeuza bwawa la watoto kuwa soko. Ulizia pia chakula: sehemu nyingi hukataa chakula cha kutoka nje, lakini cha mtoto mdogo huruhusiwa ukisema mapema.

Hatua ya 2: Mkoba

Kanga mbili au tatu. Taulo likilowa halikauki na linajaza mkoba, wakati kanga inafuta, inafunika, inatandikwa, na mtoto analalia hapohapo. Nguo ya kuogelea iwe ya mikono mirefu, rangi ya chungwa, nyekundu au njano iliyokolea. Bluu na nyeupe zinapotea ndani ya maji, na mtoto akizama kimya unahitaji kumwona kwa jicho moja. Ongeza kofia, sandali za mpira zenye mkanda wa nyuma (vigae vya juani vinaunguza nyayo), maji ya kunywa na ndizi. Kigari kiache nyumbani. Magurudumu yale madogo na mchanga havipatani.

Kikombe cha kuchezea kitengeneze mwenyewe. Chukua kopo la mtindi, toboa matundu matano chini kwa msumari uliopashwa moto, lainisha kingo. Kopo zima atalinywea maji ya bwawa, tena kwa furaha. Lenye matundu linamwaga kabla halijafika mdomoni, na mvua inayotoka chini humpendeza kuliko kikombe chenyewe.

Hatua ya 3: Kufika

Uwe getini wanapofungua. Kwa daladala ya Barabara ya Bagamoyo, shuka Mtongani uchukue bajaji. Mkiingia tu, mpige mtoto picha akiwa na nguo alizovaa, na umwandikie namba yako ya simu mkononi kwa kalamu isiyofutika kwa maji.

Hatua ya 4: Pampasi

Hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Pampasi ya kawaida haiingii majini. Kazi yake ni kunyonya, na haichagui mkojo na bwawa. Ndani ya dakika chache inavimba, inamvuta mtoto chini, halafu inapasuka na kumwaga vipande vya jeli kwenye maji. Mwokoaji atawatoa, na atakuwa na haki.

Pampasi ya kuogelea ni kitu kingine kabisa. Haizuii mkojo, unapita kama kawaida. Imeundwa kuzuia choo kikubwa, na hata hicho inakichelewesha tu. Ndiyo maana usimvalishe nyumbani: mkifika Mwenge kiti kitakuwa kimelowa. Njiani avae ya kawaida, mbadilishe chumba cha kubadilishia nguo, dakika ya mwisho.

Mimi ningenunua ile ya kitambaa inayofuliwa, mbili. Za kutupa ni bei juu na si kila duka linazo. Nunua kwa kilo za mtoto, usifuate umri. Ibane mapajani na kiunoni. Ukiona mwanga kati ya mpira na paja, ni kubwa. Kuvalisha pampasi ya kawaida chini ya ile ya kuogelea "ili iwe salama zaidi" kunarudisha balaa lilelile la kuvimba.

Ikague kila nusu saa, kwa kuivuta nyuma na kuangalia, usitegemee harufu kwa sababu klorini inaificha. Ubadilishe mbali na bwawa, kisha nyote wawili mnawe kwa sabuni. Na akiwa anaharisha, msiende. Kimelea cha Cryptosporidium, kinacholeta kuharisha, kinaweza kuishi zaidi ya siku 7 hata kwenye bwawa lenye klorini ya kutosha, kwa hiyo "si wanatia dawa" si jibu.

Hatua ya 5: Majini

Umbali ni urefu wa mkono wako, hata maji yakiwa ya magotini. Mtoto anayezama hapigi kelele. Maboya ya kupuliza ya mikononi siyapendi: yanachomoka, na yanamfanya mzazi ashike simu. Baada ya dakika 20 mtoe, hata kama hataki. Midomo ikibadilika rangi au akianza kutetemeka umeshachelewa. Losheni ya jua ipakwe dakika 15 kabla na irudiwe kila saa mbili, mtoto mweusi naye.

Hatua ya 6: Mtelezo mdogo

Usimpakate mkateleza pamoja. Inaonekana ndiyo njia salama, kumbe ndiyo inayovunja miguu. Mtoto akiteleza peke yake, mguu ukinasa pembeni, anasimama. Akiwa mapajani mwako, kiatu au unyayo wake unakwama ukutani huku uzito wako ukiendelea kushuka, na mfupa wa goti kwenda chini unapinda hadi unavunjika. Achague mtelezo anaoupanda mwenyewe, wewe simama chini umpokee. Kama hawezi kuupanda, si wake bado.

Hatua ya 7: Ondokeni

Saa sita, kabla usingizi haujageuka kilio. Jua nalo liko utosini. Mwanzoni mwa Machi na karibu tarehe 10 Oktoba, hapa Dar, karibu halina kivuli. Mwogeshe kwa maji ya bomba, mvalishe pampasi ya kawaida, mpe ndizi. Ile ya kitambaa isuuze kwa maji baridi jioni hiyohiyo, bila dawa ya kulainisha nguo, na uianike kivulini ili mpira usilegee.