Mtoto wa Awali "Asiyefundishika": Jinsi ya Kujua Anahitaji Nini, Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mwalimu aliyetolewa darasa la sita mwezi Januari akapewa darasa la awali, bila semina wala maelezo. Baada ya muda mfupi alinijia na orodha ya majina: huyu mkaidi, huyu mzito, huyu wa kulialia, huyu mkorofi. Tulikaa na orodha ile jioni kadhaa, na mengi yaliyomo humu ndiyo tuliyoyafanya. Nimemlenga mwalimu wa shule ya serikali mwenye darasa kubwa. Kiwango kilichowekwa Tanzania kwa darasa la awali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Kama ndio hao unao, shukuru, kazi yako ni nyepesi.

Hatua ya 1: Daftari

Kaunta buku moja, kurasa mbili kwa kila mtoto, na penseli. Basi. Zile fomu za kuweka vema ("anashirikiana na wenzake: ndiyo/hapana") sizipendi hata kidogo. Hujazwa Ijumaa mchana kwa kukisia, na watoto wote hutoka sawasawa. Simu nayo iache mkobani. Ukiitoa tu, kila mtoto anaacha alichokuwa akifanya anakuja kuchungulia. Tena picha za watoto wa watu hazina sababu ya kukaa kwenye simu yako.

Hatua ya 2: Mlezi, pale getini

Usimwite ofisini. Mzazi akiitwa ofisini anajua mtoto kaharibu au kuna mchango. Msimamishe anapomleta au anapomfuata, muulize: nyumbani mnamwitaje? Mkiwa wenyewe mnaongea lugha gani? Asubuhi anakula nini? Analala saa ngapi, na nani? Akibanwa anasemaje?

Swali la jina si dogo. Mtoto aliyeitwa Kulwa tangu azaliwe hawezi kugeuka ukimwita Emanueli kwenye mahudhurio. Hajui kuwa Emanueli ni yeye.

Aliyemleta akiwa bibi au dada wa kazi, usiseme "nitamsubiri mama". Muulize huyohuyo. Ndiye anayemlisha na kumwogesha.

Hatua ya 3: Choo

Kabla ya somo lolote, wapeleke chooni vikundi vidogovidogo, kisha uchuchumae ulione tundu kwa kimo chao. Choo cha shimo kimejengwa kwa kipimo cha mtu mzima, na mtoto wa miaka mitano anaona kabisa kuwa atatumbukia. Anayeogopa choo hakuambii. Atakataa kunywa maji, au atajikojolea saa nne, au ataanza kulia kila mapumziko yanapokaribia.

Omba fundi apunguze tundu moja. Fedha ikikosekana, ubao imara uliokatwa tundu dogo na usioyumba unatosha, mradi uoshwe kila siku. Mlango usifungwe kwa nje. Na waambie wazazi wavalishe watoto kaptula na sketi za lastiki, maana mkanda na vifungo vimewaaibisha watoto wengi.

Hatua ya 4: Tazama kwanza

Chagua watoto watano kwa siku. Ukiwa na 80, wiki tatu na siku moja umewapitia wote. Watazame wakicheza, wasipokuwa wanakujibu wewe: wakicheza kibaba na kimama, wakijenga kwa maboksi, wakipanga visoda. Dakika tatu kwa kila mmoja zinatosha.

Andika alichofanya, usiandike alivyo. "Mkorofi" hukuachia adhabu tu. Lakini ukiandika, "Saa 4:10. Kamnyang'anya mwenzake kopo. Mwenzake kasema subiri, yeye hakugeuka," tayari una la kuuliza: kwa nini hakugeuka?

Hatua ya 5: Tafuta sababu, kwa mpangilio huu

Tumbo, usingizi, masikio, macho, lugha, hofu. Fuata mpangilio huo kwa sababu ya kwanza ni rahisi kuihakikisha kuliko ya mwisho. Walimu wengi huanzia mwisho ("nyumbani kwao kuna matatizo") na hukwama hapohapo.

*Tumbo.* Linganisha daftari lako kabla na baada ya uji. Mtoto anayepiga wenzake saa tatu na nusu kisha akawa mpole baada ya kikombe cha uji hana tatizo la tabia. Shule isiyo na uji, zungumzeni na kamati. Mahindi ya wazazi wachache wenye shamba yanaweza kuanzisha jambo. Mtoto mchovu kila siku, mwenye viganja vyeupe, mwelekeze zahanati. Inaweza kuwa upungufu wa damu, na minyoo na malaria vyote huuleta.

*Usingizi.* Ulishauliza getini. Anayelala saa tano usiku kwa sababu televisheni iko chumba anacholala atasinzia tu. Weka mkeka nyuma ya darasa, usimwamshe kwa kelele.

*Masikio.* Hapa ndipo tulipotumia muda mwingi, na hapa naomba usome taratibu.

Mtoto asiyesikia vizuri hafanani na unavyomdhania. Hakai kimya akikutumbulia macho. Mara nyingi ni mwerevu wa kuiga: ukisema "simameni" anasimama, kwa kuwa wenzake wamesimama. Mtazame kwenye wimbo wa matendo. Mikono yake huchelewa kidogo nyuma ya wenzake, na macho yake yako kwa jirani badala ya kwako. Wengine huongea kwa sauti kubwa, wengine husogea mbele bila kuambiwa, wengine hugeuza upande mmoja wa kichwa. Na wengine huwapiga wenzao, kwa sababu mchezo una masharti yaliyotajwa kwa mdomo na wao hawakuyapata.

Jaribu hivi. Weka mbele yake vitu vitatu anavyovijua kwa jina: kikombe, kiatu, kijiko. Cheza naye kwanza mkitazamana: "nipe kiatu", "nipe kijiko". Akishauelewa mchezo, simama nyuma yake umbali wa mkono mmoja, taja kimoja kwa sauti ya chini, si ya kunong'ona kabisa. Badilisha mpangilio, rudia. Kisha mzibe sikio moja kwa kubonyeza taratibu kile kinyama cha mbele ya tundu, usiingize kidole ndani, urudie kwa sikio la pili.

Sasa masharti yake, maana jaribio hili linadanganya kwa urahisi. Lifanye mahali tulivu, watoto wengine wakiwa nje; wakiwepo mmoja atanyoosha kidole kumsaidia. Usisimame penye jua, kivuli chako kinamwambia uko wapi. Usikanyage kwa kishindo, wala usijipake marashi siku hiyo. Hakikisha majina ya vitu anayajua. Kama nyumbani kwao wanaongea Kisukuma tu, utakuwa unapima Kiswahili chake badala ya sikio. Akiwa na mafua, andika matokeo kisha urudie mafua yakiisha, kwani usikivu wa watoto hupungua mafua yakiziba masikio na hurudi. Majina yenye sauti zinazofanana humchanganya hata anayesikia, kwa hiyo kikombe na kijiko akivikosea kila mara, badilisha kimoja uweke mpira. Na akifaulu, usiandike "anasikia vizuri". Andika ulichokiona tu. Kupima hasa ni kazi ya watu wa afya.

Akishindwa mara mbili kwa siku tofauti, mwambie mzazi waanzie kituo cha afya, waombe rufaa. Hospitali kubwa kama Muhimbili, KCMC na Bugando zina kliniki za masikio, pua na koo. Ukiona usaha sikioni, aende mapema, usisubiri jaribio lolote. Na usimruhusu mtu, hata bibi kwa nia njema, kumtia mafuta au dawa ya majani sikioni humo.

Wakati mnasubiri, mkalishe mbele, sikio lake zuri likielekea kwako, na uongee ukiwa unamtazama. Kuuelekea ubao huku ukitoa maagizo ni tabia ya walimu wa madarasa ya juu. Huku awali iache.

*Macho.* Anayekunja uso, anayesogeza kitabu puani, anayekosa mpira kila unaporushwa kwake: mkalishe mbele, kisha aende kituo cha afya.

*Lugha.* Mtoto aliyekuja na Kigogo au Kihaya anaweza kukaa kimya kwa miezi huku akielewa zaidi kila wiki. Usimlazimishe kujibu mbele ya darasa. Mkalishe na mwenzake anayejua lugha zote mbili. Agizo la kufanya kitu ("lete kisoda chekundu") linakuonyesha anachoelewa kuliko swali la kujibu.

*Hofu.* Ukifika hapa umeshaondoa mengine. Analia mama akiondoka? Mama aage waziwazi, aseme atarudi baada ya uji wa pili au kengele ya mwisho, kisha aondoke kweli. Kutoroka mtoto akiwa amegeuka humfanya asimwachie mama getini kesho. Ukiona alama mwilini, au anamwogopa mtu fulani, usimhoji mbele ya wenzake wala usimwite huyo mtu. Mwone mwalimu mkuu na afisa ustawi wa jamii.

Hatua ya 6: Badilisha kitu kimoja

Kimoja tu kwa wiki, ili ujue kilichosaidia.

Utasukumwa hapa na wazazi wanaotaka daftari lililojaa herufi. Usikubali haraka. Mifupa ya kiganja cha mtoto wa umri huu bado haijakomaa. Udongo wa mfinyanzi, kutunga shanga na kukamua kitambaa vinauandaa mkono kuliko mistari ishirini ya "a". Mwite mzazi akae kona ya udongo nusu saa ajionee. Na mtoto akiandika herufi zikigeuka nyuma mbele, si ugonjwa, ni kawaida kwa umri wake.

Hatua ya 7: Rudisha taarifa

Mwambie mlezi jambo moja mtoto analoliweza, kisha moja mnaloshughulikia, palepale getini, mtoto asisikie. Mwezi wa Desemba, kurasa za kila mtoto zimfikie mwalimu wa darasa la kwanza. Yale ya nyumbani uliyoambiwa kwa siri yang'oe kwanza, lakini ya sikio na jicho yaache, ukitaja pia amekuwa akikaa upande gani wa darasa.