Dada yako ana mtoto asiyekula? Msaidie hivi

Mie ni mama mdogo wa binti wa miaka 15, tuko Ngamiani hapa Tanga, na mwaka huu nimeona kwa macho yangu jinsi ugonjwa huu wa mtoto kujinyima chakula kwa kuogopa kunenepa (anorexia) unavyommaliza na mama mtu. Kwa hiyo naandika kwa nyie mashoga, mawifi na majirani.

Kwanza chunga mdomo. Usimwambie "umemdekeza" wala usimletee habari za jini, huu ni ugonjwa na unaua kweli, na si kwamba mama kakosea malezi. Yule binti naye usimwambie "umekonda", na akianza kupata nafuu usiseme "eeh sasa umenenepa umependeza", kwetu hiyo ni sifa lakini yeye atakosa usingizi na kesho hagusi sahani.

Msindikize hospitali, sisi tulikwenda Bombo. Mwambieni daktari wazi: nguo zimepwaya toka lini, hedhi imekata miezi mingapi, akitoka kula anakwenda kutapika au la. Waombe wapime mapigo ya moyo, presha na damu. Na kama hajala siku nyingi msimshindilie sahani ya wali siku ya kwanza, mwili ulioshinda na njaa ukijazwa ghafla madini ya kwenye damu yanashuka na moyo unaweza kuleta shida, daktari ndio aseme mnaanzia wapi.

Sasa mezani, hapa ndio penye kazi. Kuna njia ilianzia hospitali ya Maudsley kule London miaka ya 1980, wazazi ndio wanashika chakula: wanapanga, wanapakua, wanakaa naye mpaka amalize. Kwa kawaida milo 3 na vitafunio 2 au 3 kila siku, miezi na miezi, mama peke yake hawezi jamani, shikeni zamu. Mie nina mchana. Siku moja kitumbua kimoja tu kilichukua dakika 40, anakimega vipande kama punje za mchele, mara nikaona mkunjo wa kanga umeingia mafuta, kumbe kavificha humo. Sikugomba. Niliweka kingine nikamwambia najua kigumu mwanangu, nipo, kula. Kisha nikapiga stori za shule, za chakula hapana. Akimaliza simwachii aende chooni, saa nzima tunakaa ananisuka nywele.

Ramadhani wengine wanaficha ugonjwa kwenye funga. Mgonjwa dini imempa ruhusa, tafuteni babu au shehe anayeheshimika amwambie yeye, mama asibebe na hilo.

Na mama mwenyewe muulize kala nini leo. Wale wadogo zake binti uwachukue wewe wikiendi, mpe nauli ya kliniki bila kusubiri aombe, mwache alale hata masaa mawili.

Akizimia, kifua kikiuma, moyo ukienda ovyo, akitapika damu, akikataa hata maji au akisema anataka kufa, msisubiri asubuhi. Ficheni dawa na vitu vya ncha, mtu akae naye, muende usiku huohuo. Namba ya dereva wa bajaji ninayo, na dada anajua akipiga saa nane za usiku napokea.