Jinsi ya kuomba PF3 na kufungua kesi ya ubakaji, kwa walioko Moshi

Nimewasindikiza wanawake na mabinti kadhaa polisi hapa Moshi, na familia huniuliza maswali mawili. La kwanza, "Tuanzie wapi?" La pili huja kabla sijamaliza kujibu la kwanza: "Haiwezekani tukayamaliza nyumbani?" Nitayajibu yote, maana hilo la pili ndilo linaloua kesi nyingi.

Kabla ya kutoka nyumbani, aliyebakwa asioge. Najua ni neno gumu kumwambia mtu aliyetendewa unyama, lakini ushahidi uko mwilini mwake. Nguo alizokuwa amevaa zisifuliwe. Ziwekwe kwenye bahasha ya kaki au mfuko wa karatasi, si wa nailoni, kwa sababu nguo yenye unyevu huvunda ndani ya nailoni. Siku moja nilifika kwenye nyumba fulani Pasua nikakuta kanga ya binti inaning'inia kambani, inachuruzika maji. Mama yake aliifua akidhani anamsitiri mwanawe. Ikiwa nanyi mmeshafua, au ameshaoga, nendeni hivyo hivyo. Kesi haijafa.

Saa zinahesabika. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, zile wengi wanaziita PEP, zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na hunywewa kwa siku 28. Za kuzuia mimba hufanya kazi ndani ya saa 120, na zikiwahi ni bora zaidi. Kama anatoka damu au ameumia vibaya, mkimbizeni kwanza hospitali ya Mawenzi au KCMC, na PF3, ile fomu ya polisi inayojazwa na daktari, itafuatiliwa akiwa anatibiwa. Kama anaweza kutembea, anzeni polisi.

Mkifika kituoni, pale kaunta semeni maneno haya tu: "Tunaomba kuonana na askari wa Dawati la Jinsia na Watoto." Msieleze mkasa mbele ya watu waliokuja kuripoti simu zilizoibiwa. Dawati lipo kwa ajili hiyo, na mna haki ya kuomba askari wa kike. Taarifa itaandikwa kitabuni na mtapewa namba ya RB, yaani namba ya taarifa yenu kwenye kitabu hicho. Inakilini mahali salama, maana mtaulizwa kila mkirudi. Kisha mtapewa PF3 ya kupeleka kwa daktari. Haiuzwi. Anayedai hela ya "karatasi" au "mafuta ya gari" anaomba rushwa, na TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa, wanapokea simu bure kwa namba 113.

Sasa maelezo, na hapa naomba msiwe na haraka. Aliyemtenda atajwe siku hiyohiyo, hata kama ni shemeji au baba mdogo. Mahakama ya Rufani imeshasema kwamba shahidi anayemtaja mtuhumiwa mapema anaaminika zaidi. Kama hamjui jina, aseme anachokumbuka: sauti, kovu, rangi ya pikipiki. Wengi wetu tumelelewa kutotaja mambo ya siri kwa majina yake, kwa hiyo binti husema "alinifanyia tabia mbaya" na kunyamaza. Mahakamani lazima ithibitike kuwa aliingiliwa, hata kama ni kidogo tu, kwa hiyo aseme wazi kadiri awezavyo. Asomewe alichoandikiwa kabla ya kutia sahihi, na kama kuna sentensi si yake, irekebishwe.

Hospitali, daktari atampima, atampa dawa na kujaza PF3. Hakikisheni ina sahihi na muhuri, toeni kopi, kisha fomu irudi kwa mpelelezi.

Kwa mtoto, ongezeni mambo mawili. Muiteni afisa ustawi wa jamii, au pigeni 116, simu ya msaada kwa watoto, bila malipo. Na tafuteni uthibitisho wa umri: cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki, na mzazi mwenyewe anaweza kuja kuutolea ushahidi.

Mtaani mtaulizwa, "Mbona hakupiga kelele? Mbona hana hata mchubuko?" Jibu lipo kwenye Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 130: alama za kupambana si sharti la kuthibitisha kwamba hakuridhia. Hofu humgandisha mtu. Na Sheria ya Ushahidi inaruhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mwathirika peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli.

Nirudi kwenye "kuyamaliza nyumbani". Nimeona wazee wakiingia na isale, jani la kuombea msamaha, pamoja na mbuzi na mbege, pombe yetu ya ndizi, na mwenye binti akashindwa kukataa, kwa sababu kwetu Wachaga isale halikataliwi hivi hivi. Naliheshimu. Limepatanisha ndugu waliogombea mipaka ya kihamba, shamba la ukoo, na liendelee. Kwenye ubakaji halina nafasi. Mshtaki ni Jamhuri, si baba wa binti, kwa hiyo baba hana cha kusamehe kwa niaba ya mahakama, na binti hakuulizwa. Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 30, na inaweza kufika maisha. Mtoto akiwa chini ya miaka 10, ni maisha. Wakibaka kwa kundi, ni maisha kwa kila mmoja. Mahakama pia huamuru mwathirika alipwe fidia. Mbuzi huyo ni wa kumkwepesha mtu kifungo cha miaka 30.

Upelelezi ukilala, ulizeni kwa mkuu wa kituo, kisha kwa mkuu wa upelelezi wa wilaya, kisha Ofisi ya Taifa ya Mashtaka. Nendeni na namba ya RB, msiende na hasira tu. Kama mnahitaji mtu wa kuwasimamia, shirika la KWIECO hapa Moshi linatoa msaada wa kisheria, na kata nyingi zina wasaidizi wa kisheria. Mkihama au mkibadili namba ya simu, mwambieni mpelelezi. Kesi hufutwa kwa sababu shahidi hapatikani.

Ushahidi wa makosa haya hutolewa faraghani, na majina ya mashahidi hayatangazwi. Ina maana pengine nawe unayemsindikiza mwathirika hutaruhusiwa kuingia naye. Mwambie mapema, ili asishtuke mlango ukifungwa, na mwoneshe benchi utakalokuwa umekaa akitoka.