Makohozi ya TB yakikaa zahanati kabla bodaboda hajaja, yatunze hivi

Zahanati nyingi huku vijijini hatuna GeneXpert, ile mashine ya kupima TB, sampuli inasubiri siku ya bodaboda kwenda hospitali ya wilaya, sasa hapo katikati ndo inapoharibika. Kwanza mgonjwa asukutue mdomo kwa maji, atoke nje penye hewa, avute pumzi ndefu mara mbili tatu halafu akohoe kutoka kifuani. Mate meupe yenye povu sio makohozi, mwambie arudie taratibu bila kumfokea. Mililita 3 hadi 5 zinatosha.

Jina, namba na tarehe andika ubavuni mwa kikopo, USIANDIKE kwenye mfuniko!! Mifuniko ikifunguliwa maabara inachanganyika, mtu anapewa majibu ya mwenzie, yani hili linaniuma sana.

Funga mpaka mwisho, kipindue kidogo juu ya tishu uone kama kinavuja, kisha kiingie kwenye mfuko wa plastiki, na fomu ikae nje ya mfuko. Weka kwenye friji nyuzi 2 hadi 8, lakini sio friji ya chanjo wala ya chakula, na isigande. Huna friji? GeneXpert inakubali sampuli iliyokaa siku 3 kwenye joto lisilozidi nyuzi 35, ila dirishani kwenye jua hapana kabisa, jua linaua vimelea. Sampuli ya kuotesha, yani ile ambayo maabara wanakuza vimelea vya TB, ndo ina haraka zaidi, bakteria wengine wanawahi kuota, hiyo isafiri na barafu, kikopo kikiwa kimesimama.