SOMO: Kuchagua nyimbo kwa kwaya ya watu wachache (someni kabla ya kunifuata inbox)

Wadau nimechoka. Kila wiki ni lile lile, "mwalimu tuko tisa, tena (sauti ya juu ya wanaume) ni mmoja, tupe wimbo". Naandika mara moja tu. Mimi nafundisha kwaya hapa Tororo, Uganda, tuko kumi na mmoja, mvua ikinyesha Jumapili tunabaki saba.

1. Hesabu wanaokuja mazoezini, sio walio kwenye daftari.

2. Tafuta noti ya juu kabisa ya soprano (sauti ya juu ya wanawake). Kwenye solfa (do, re, mi, fa, so, la, ti), do ikiwa G na wimbo unafika la, hiyo ni E, na Misa ya saa moja asubuhi hakuna mama atakayeifikia bila kupiga kelele. Shusha do iwe F. Ila angalia na besi (sauti ya chini ya wanaume) asije akazama.

3. Kupunguza sauti. Hapa ndipo nilipoaibika, Pasaka moja tena wangu alisafiri nikasema basi tunaimba soprano, alto (sauti ya chini ya wanawake) na besi, si yatosha? Kumbe pale mwisho wa kiitikio mi ilikuwa kwa tena peke yake, tukabaki na do na so tupu, wimbo ukawa kama nyumba haina paa, watu wanageuka kutuangalia banange. Kwa hiyo usifute sauti kabla hujapita kila kituo (mahali mstari unapotua) ukauliza mi iko kwa nani. Kama iko kwa tena, mpe alto. NA USIWAPE wanawake mstari wa tena hivyo hivyo! Solfa ya wanaume inasikika okteva moja (noti nane, do hadi do) chini ya ilivyoandikwa, mwanamke akiisoma ilivyo anaweza kupanda juu ya soprano.

4. Ukitafsiri wimbo kwenda Kiswahili, pigo zito likae kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: mwo-KO-zi. Likiangukia "zi" mzee wa kanisa atacheka.

5. Beti fupi, kiitikio kinachojirudia. Basi.

MASWALI

Besi wa Busia: Mwalimu tupe wimbo mzuri wa Juni 3 (Mashahidi wa Uganda), haraka tafadhali

Jibu: Mko wangapi? Soprano wenu anafika wapi? Hatua ya 1 na ya 2 zipo hapo juu ndugu yangu.

Besi wa Busia: Nilidhani unasaidia watu

Jibu: Nasaidia waliosoma.

Dada Alto: Shikamoo mwalimu. Sisi hatuna tena kabisa, besi ni mmoja na anatoka nje ya sauti. Tufanyeje?

Jibu: Marahaba dada, swali zuri. Huyo besi mwache aimbe sauti ya kwanza pamoja na soprano, yeye okteva ya chini, alto mkae kwenu, sauti mbili zinatosha. Halafu jaribuni wimbo wa kufuatana, kundi moja linaanza, la pili linaingia nyuma na tuni ile ile. Mnajifunza mstari mmoja tu na mnasikika wengi.

Mpiga Adungu, Nebbi: Na sisi wa adungu (kinubi chetu cha nyuzi)? Kinanda hatuna

Jibu: Eh, wewe ndiye unayeamua do hapo! Nyuzi zimeshafungwa kwa do moja, kwaya ikushushie au ikupandie wewe. Waambie wakuulize kabla ya kuchagua wimbo, sio Jumapili mlangoni.

Mpiga Adungu, Nebbi: Wananiuliza mlangoni kila wiki 😂