Maganda ya kahawa: yaozeshe kwanza, ndipo yaende shinani

Ukimwuliza mkulima wa Kilimanjaro kwa nini hatumii maganda ya kahawa kama mbolea, huenda akakujibu, "Niliyaweka shinani, mibuni ikageuka manjano." Hajakosea. Ganda bichi lina sukari nyingi, pamoja na tanini na kafeini. Likichachia shinani hutoa joto na asidi na kuinyima mizizi hewa. Sisi maafisa ugani tuanze kwa kukubali alichokiona.

Kikwazo kikubwa zaidi ni kazi. Kahawa mbivu kilo 100 huacha maganda ya maji kilo 40 hivi, tena wakati ule ule nyumba nzima iko kwenye mavuno. Nani ayabebe kichwani hadi kihambani, yaani shamba la nyumbani? Kwa hiyo lundo la kuyaozesha lifanyieni palepale kwenye mashine ya kumenyea, mbali na mto, na mkubaliane kabla ya msimu kwamba mboji itagawanywa kulingana na kahawa aliyoleta kila mmoja. Ikiiva itakuwa nyepesi kubeba.

Acha maganda yachuje maji siku moja au mbili. Tandaza majani makavu ya migomba, weka maganda, kisha samadi na jivu kidogo, urudie hadi lundo lifike kifuani. Lifunike kwa majani, kwani utajiri mkubwa wa ganda la kahawa ni potasiamu, na mvua huiosha upesi. Chomeka kijiti katikati, kisha ukichomoe. Kikitoka na joto, lundo linafanya kazi. Likinuka uvundo, limekosa hewa: lipindue, uongeze majani makavu. Hata lisiponuka, lipindue kila baada ya wiki mbili. Maganda ya Oktoba na Novemba yanaweza kuwahi masika ya Machi, ingawa kwenye baridi ya juu mlimani huchukua muda zaidi. Mboji iliyoiva ni nyeusi, inanukia udongo, na ganda halitambuliki tena.

Debe moja kwa mbuni linatosha kuanzia. Izungushie chini ya ncha za matawi, isiguse shina, kisha uifukie kidogo bila kukata mizizi.

Usiache mbolea ya dukani ghafla; naitrojeni ya mboji hutoka polepole. Jaribu kwanza mibuni 20, na mingine 20 ya pembeni uiache na matunzo yako ya kawaida. Funga utepe kwenye matawi machache kila upande, uhesabu pingili mpya na matunda hadi mavuno yajayo, na majirani waje kuhesabu pamoja nawe.