Viazi vitamu vya kuponda visivyo rojorojo

Kosa kubwa ni kumenya viazi, kuvikata na kuvizamisha kwenye maji mengi. Vinanyonya maji, utamu unabaki sufuriani. Kwa kilo moja, osha viazi na maganda yake, weka maji vikombe viwili tu, funika kwa jani la mgomba au mfuniko unaobana, anza na moto mdogo. Kiazi kikipata joto taratibu, wanga wake unapata muda wa kugeuka sukari. Moto mkali unaukatisha. Dakika 35 hivi, kisu kikipita bila kukwama, mwaga maji na urudishe sufuria jikoni dakika mbili ikauke.

Menya na uponde vingali vya moto, kwa mwiko. Blenda inavifanya vivutike kama gundi. Viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, vina maji zaidi, kwa hiyo maziwa robo kikombe yanatosha. Vyeupe vikavu vinaweza kumaliza nusu kikombe. Maziwa yawe ya moto.

Ladha inatoka kwenye kikaango: siagi vijiko viwili, kitunguu maji kimoja mpaka kiwe kahawia, kisha saumu punje tatu na tangawizi kidogo, sekunde 30 tu maana saumu ikiungua inatia kila kitu uchungu. Changanya, tia chumvi nusu kijiko cha chai, kamulia ndimu nusu. Sukari ya nini?

Kwa sato wa kukaanga, hapa Mwanza, ongeza pilipili mbuzi iliyokatwa.